Kubuni Kituo cha Wageni Kwenye Mji wa Kale: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Kilwa Kisiwani

Vituo vingi vya wageni hujengwa kana kwamba historia imo ndani ya jengo. Mgeni anashuka kwenye gari, anaingizwa ukumbini, anasoma mabango hadi macho yanachoka, anaonyeshwa filamu, na akitoka kwenda kwenye magofu yenyewe jua limeshakuwa kali na muda uliobaki ni wa kupiga picha tu. Kituo cha namna hiyo kimemnyang'anya mgeni kile alichokifuata. Kazi ya kituo ni kumwandaa mtu ili akifika pale penyewe aone kwa macho yake kilichopo na aelewe kwa nini kipo hapo na si kwingine.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya halmashauri, vikundi vya vijiji, walimu, maofisa wa utalii na wasanifu majengo vijana wanaopewa kazi kama hii bila kuwa na pa kuanzia. Mfano nitakaoutumia ni Kilwa Kisiwani, mji wa kale ulio kisiwani kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981 pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara. Mwaka 2004 magofu hayo yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mawimbi yaliyokuwa yakimega ufukwe na kuta zilizokuwa zikibomoka, kisha yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Nachukulia tunaanza upya, kiwanja kitupu na karatasi nyeupe. Hatua zenyewe zitakufaa hata kama eneo lako ni Kaole, Gedi au Kondoa.

Hatua ya 1: Litembee eneo lote kabla ya kushika penseli

Usianze na jengo, anza na miguu. Tembea maji yakiwa yamekupwa, tembea yakiwa yamejaa. Nenda asubuhi, nenda saa saba mchana jua likiwa utosini, nenda msimu wa kusi na urudi msimu wa kaskazi. Kama ratiba ya mradi haikuruhusu kurudi msimu mwingine, omba ibadilishwe, kwa sababu ufukwe uliokauka mwezi wa Januari unaweza kuwa tope tupu wakati wa masika.

Tembea na watu wa pale. Kilwa Kisiwani si magofu matupu: kuna kijiji, kuna shule, kuna wavuvi, kuna makaburi ya watu ambao wajukuu wao wako hai. Nahodha wa mashua atakuambia upepo ukivuma vipi abiria hulowa. Mama anayekwenda kuchokoa pweza wakati wa bamvua anayajua mawe ya ufukweni kuliko ramani yoyote. Mzee wa msikiti atakuonyesha mahali pasipokanyagwa. Kwa kila mahali mnapopita uliza maswali matatu tu: hapa panaitwaje, watu hufanya nini hapa, na mgeni asifanye nini hapa. Andika majibu kama yalivyosemwa, kwa maneno yaleyale.

Mwishoni utakuwa na ramani yako mwenyewe. Mtu anayetoka Kilwa Masoko kwa mashua anaanza kuiona Gereza, ngome iliyo karibu kabisa na maji. Wareno walijenga hapo mwaka 1505, na kinachoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani ya karne ya 19. Akipanda juu kidogo anafika Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 au 12, na upanuzi wake mkubwa wenye nguzo na kuba ni wa karne ya 14 na 15. Upande wa magharibi kuna Makutani na kuta zake ndefu. Upande wa mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita moja, juu ya mwamba unaotazama bahari, ipo Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane.

Weka alama kila mahali ambapo mtu akisimama jambo linaeleweka bila maelezo. Pale ukingoni mwa Husuni Kubwa ni mojawapo. Ukisimama hapo ukatazama mlango wa bandari, huhitaji bango la kukueleza kwa nini sultani alijenga hapo: hakuna chombo ambacho kingeingia bila yeye kukiona. Sehemu za aina hiyo ndizo uti wa mgongo wa mradi, na kila mchoro utakaofuata uzitumikie hizo.

Hatua ya 2: Amua jambo moja ambalo mgeni ataondoka nalo

Hapa ndipo kamati nyingi hukwama, kwa sababu kila mjumbe ana jambo lake. Ukiyaweka yote, mgeni hatabaki na hata moja. Kwa Kilwa mimi ningechagua hili: mji huu ulijengwa na bahari na pepo zake.

Liangalie jinsi linavyobeba mengine yote. Majahazi kutoka Uarabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo chombo kingeweza kwenda na kurudi kwa msimu mmoja. Kuendelea hadi Sofala, bandari ya kusini zaidi katika Msumbiji ya leo, kulihatarisha kukosa upepo wa kurudi. Ndiyo maana dhahabu ya nyanda za Zimbabwe iliyoshushwa Sofala ilipitia mikononi mwa watu wa Kilwa, na ndiyo maana sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale mbali sana na pwani. Ndiyo maana msafiri Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliusifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Ndiyo maana vigae vya vyombo vya China vimo ardhini. Na ndiyo maana Wareno walikuja na mizinga.

Andika sentensi yako moja, ibandike ukutani. Wazo lolote litakaloletwa baadaye, liwe la jengo, bango au duka, lipimwe kwa sentensi hiyo.

Hatua ya 3: Chagua kiwanja, na usikiweke karibu na magofu

Kishawishi cha kwanza ni kujenga pale pale, hatua chache kutoka Msikiti Mkuu, ili mgeni asichoke. Kikatae. Jengo jipya karibu na la kale huharibu mambo mawili kwa pamoja: msingi wake unakata tabaka za udongo zenye ushahidi ambao haujachimbuliwa, na umbo lake linavuruga picha ya mji. Waingereza walilijua hilo kwa gharama. Stonehenge, duara lao la mawe makubwa ya kale, kwa miaka mingi ilikuwa na maegesho na vibanda karibu kabisa na mawe, barabara ikipita ubavuni. Kituo kipya kilipofunguliwa Desemba 2013 kiliwekwa zaidi ya kilomita 2 kutoka kwenye mawe, na kile kipande cha barabara kikafungwa na kuoteshwa nyasi.

Kwa Kilwa, jengo kuu ningeliweka Masoko, upande wa bara, karibu na gati. Umeme upo, maji ni rahisi zaidi, vifaa havihitaji kuvushwa, na mgeni anayesubiri mashua ana mahali pa kukaa. Lakini sababu kubwa ni ile sentensi ya hatua ya pili. Kama bahari ndiyo iliyoujenga mji, basi kuvuka ni sehemu ya somo. Mgeni aelezwe kabla hajapanda mashua, kisha maji yenyewe yamalizie.

Kuna hoja ya haki dhidi ya uamuzi huu: watu wa kisiwani wanaweza kubaki wakitazama fedha zikiishia bara. Hoja hiyo isipojibiwa kwenye mchoro haitajibiwa tena. Kwa hiyo kisiwani kuwe na banda la kivuli lenye vyoo na maji, liendeshwe na kijiji, na chakula, waongozaji na kazi za mikono vitoke huko. Duka la Masoko lisiuze kinachouzwa kisiwani.

Kabla ya kuamua kabisa, fanya jaribio ambalo halina gharama kubwa. Chomeka miti minne kwenye pembe za jengo unalofikiria, funga kamba, kisha inua kitambaa cheupe juu ya mti mrefu hadi kimo cha paa. Sasa panda mashua, nenda hadi katikati ya mlango wa bahari, ugeuke utazame. Halafu nenda kasimame Gerezani utazame tena. Kama macho yanakwenda kwenye kitambaa kabla ya kitu kingine, jengo ni refu mno au liko pasipo pake. Piga picha kutoka kila upande na uzipeleke kwenye kikao cha kamati, zitamaliza ubishi mwingi.

Hatua ya 4: Maliza vibali mapema

Kwa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na hakuna anayechimba eneo la aina hiyo bila idhini. Ongea na Idara ya Mambo ya Kale na TAWA, mamlaka ya wanyamapori inayosimamia pia magofu ya Kilwa, wakati mchoro bado ni wa penseli. NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, watahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Na kwa kuwa ni Urithi wa Dunia, serikali inatakiwa kuijulisha UNESCO kuhusu ujenzi mkubwa kabla uamuzi haujafikia mahali pa kutorudi nyuma.

Ajiri mtaalamu wa akiolojia tangu mwanzo. Achimbe mashimo madogo ya majaribio mahali pa kila nguzo na kila shimo la choo, hata upande wa bara. Kikipatikana kitu, hamisha nguzo. Kwenye banda la kisiwani tumia misingi inayokaa juu ya ardhi, inayoweza kuondolewa siku moja bila kuacha kovu.

Hatua ya 5: Jengo lenyewe

Pima ukubwa kwa kundi la kawaida. Mgeni wa kawaida wa Kilwa, na ningependa awe hivyo zaidi, ni mwanafunzi. Chukulia basi moja la wanafunzi 40. Mashua haiwabebi wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo nusu watakuwa ndani na nusu watakuwa wanasubiri. Ukumbi wa watu 25 kwa mita za mraba 2 kila mmoja ni mita za mraba 50. Ongeza kivuli cha nje cha watu 40, vyoo, chumba cha tiketi, stoo na ofisi ndogo. Siku meli ya watalii inapotia nanga na kushusha kundi kubwa, kundi hilo likae chini ya kivuli cha nje. Jengo linalopimwa kwa siku hiyo moja litakuwa tupu na la gharama siku zote nyingine.

Umbo lirefuke kutoka mashariki kwenda magharibi ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na jioni. Madirisha yawe kaskazini na kusini, yakitazamana, ili upepo wa misimu yote miwili upite. Paa litokeze nje vya kutosha kuweka kuta kivulini. Kiyoyozi kiache kabisa kwenye ukumbi, maana mtu aliyepoa sana ndani hataki kutoka nje.

Mambo mawili ningeyachukua kwenye majengo ya kale bila kuyaiga. La kwanza ni baraza: benchi la mawe linalozunguka jengo kwa nje, mahali ambapo mwongozaji, nahodha na mgeni wanakaa sawasawa. La pili ni ule ua ulioshuka chini wenye ngazi pembeni, unaoonekana Husuni Kubwa na kwenye nyumba za Songo Mnara. Darasa zima linaweza kukaa kwenye ngazi zake likimsikiliza mtu mmoja bila kipaza sauti. Hakikisha tu maji ya mvua yana pa kutokea. Kuba na matao ya kughushi sikushauri. Mtoto asichanganyikiwe lipi ni la karne ya 14 na lipi ni la mkandarasi.

Kuhusu vifaa, hewa ya bahari haina huruma. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie kwenye zege lenye nondo, kwa sababu nondo zitaota kutu, zitavimba na kupasua zege. Mawe ya matumbawe yatoke kwenye machimbo halali ya nchi kavu, kamwe si baharini. Boriti za mikoko zinapendeza, lakini mikoko hiyo ndiyo inayozuia mawimbi yasiumege ufukwe wa magofu, kwa hiyo tafuta mbao nyingine za kupandwa. Kuta zipigwe lipu ya chokaa. Saruji ngumu juu ya jiwe la matumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Makuti ni mazuri kwa banda la kisiwani, ila weka kwenye bajeti fedha za kuyabadilisha kila baada ya miaka michache, na usiweke jiko chini yake.

Ujenzi uwe pia shule. Mfano ninaoupenda uko Afrika Kusini, kituo cha wageni cha Mapungubwe alichobuni msanifu Peter Rich. Watu wa eneo hilo wasio na ajira walifundishwa kufyatua vigae vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, karibu 200,000, na vigae hivyohivyo vikajenga mapaa ya kuba nyembamba. Jengo lilishinda tuzo ya jengo bora la dunia kwenye tamasha la World Architecture Festival mwaka 2009. Kwa Kilwa, ujuzi wa kufundisha ni chokaa: kuiloweka, kuichanganya, kuipiga na kuitunza ikiwa mbichi isikauke haraka. Vijana watakaoujua kwenye jengo jipya ndio watakaoajiriwa kukarabati Msikiti Mkuu.

Maji ya mvua yasiachwe. Paa la mita za mraba 200 mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukihesabu kwamba asilimia 80 inakusanywa, linakupa lita 144,000. Tangi liwekwe nyuma ya jengo, lisionekane kutoka baharini.

Hatua ya 6: Vya ndani viwe vichache

Weka meza moja kubwa katikati yenye umbo la visiwa na bandari, la kushikika kwa mkono, ili hata asiyeona aweze kulisoma kwa vidole. Juu yake onyesha njia za upepo. Mwambie mgeni aweke kidole Masoko na kukisogeza hadi Husuni Kubwa, safari atakayoifanya kwa mashua na kwa miguu muda si mrefu.

Kisha kitu kimoja kwa kila hadithi. Sarafu ndogo ya shaba inatosha kusimulia dunia nzima: mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu kadhaa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na 5 kati ya hizo zilikuja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko haijathibitishwa, na kituo kiseme hivyo waziwazi. Watoto hupenda kujua kwamba bado kuna maswali yanayowasubiri.

Fanya vivyo hivyo na asili ya mji. Masimulizi yanasema mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wanaakiolojia, tangu Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960, wamekuta makazi ya wenyeji yaliyotangulia enzi za masultani. Yaweke yote mawili ubavu kwa ubavu, kila moja kwa sauti yake, na usimfanye mzee wa kijiji aonekane mwongo.

Kiswahili kitangulie kwenye kila bango, kwa herufi kubwa kuliko lugha nyingine yoyote. Hili kwangu halina mjadala. Bango lisizidi maneno 60. Lisomwe kwanza na mwanafunzi wa darasa la sita. Akikwama kwenye sentensi, iandikwe upya sentensi hiyo.

Na usiufiche utumwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje, mji wa upande wa bara, ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo. Bahari iliyoleta hariri ndiyo iliyowachukua watu. Tenga chumba kidogo, chenye mwanga hafifu na mahali pa kukaa, na mlango wake uwe pembeni ili mwenye watoto wadogo aamue mwenyewe. Wazee wa Kivinje na Kisiwani washirikishwe kuandika maneno yake kabla ya mtaalamu yeyote kutoka mjini.

Hatua ya 7: Njia ya magofuni

Hapa ndipo fedha nyingi ziende. Kabla ya mashua: majaketi okozi ya saizi za watoto pia, na ubao wenye saa za maji kujaa na kupwa za siku hiyo. Kwenye kushuka, ngazi imara, kwa sababu mzee anayebebwa mgongoni kwenye maji ya magoti hatarudi tena. Kisiwani, njia ifuate vichochoro vinavyotumika tayari, lakini isipite mbele ya milango ya watu wala katikati ya makaburi. Panapowezekana mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 12, ili kiti cha magurudumu kifike walau Gereza na Msikiti Mkuu.

Mabango ya magofuni yawe machache na mafupi kwa kimo, yasiingie kwenye picha. Mahali pa kivuli pawe chini ya mibuyu iliyopo. Kwenye zile sehemu ulizoziweka alama katika hatua ya kwanza weka benchi la jiwe tu, lielekee upande unaotakiwa kutazamwa. Mwongozaji akae kimya pale kwa dakika mbili tatu kabla hajaanza kueleza. Waongozaji wafundishwe hilo, na walipwe mshahara badala ya kutegemea bahasha za wageni.

Hatua ya 8: Fungua kwa majaribio, kisha urekebishe

Kabla ya sherehe na utepe, waite watu wa Kisiwani kwanza, bure, siku nzima. Halafu shule mbili tatu. Mtu mmoja asimame pembeni na daftari aandike wapi watu wamesimama, wapi wamepita bila kutazama, wapi wameuliza choo kiko wapi. Wanaporudi gati waulizwe swali moja: kwa nini mji ulijengwa hapa? Kama wengi hawatajibu, tatizo liko kwenye kituo, na mabango yabadilishwe kabla rangi haijakauka sawasawa. Ndiyo maana mabango ya mwanzo yachapishwe kwenye karatasi ngumu ya bei nafuu.

Kwenye mkataba wa fedha, weka kabisa fungu la matengenezo ya kila mwaka: chokaa baada ya masika, makuti, injini ya mashua, mishahara ya wahudumu wa vyoo. Wafadhili hupenda kujenga kuliko kutunza, kwa hiyo fungu hilo lipitishwe siku ileile ya kusaini ujenzi, na mhasibu wa kijiji awe mmoja wa wanaoidhinisha matumizi yake.